Kwaya Iliyopanda Juu Mno

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako, ambaye bado yu hai. Nakutaarifu kwa kuwa hujauliza. Sisi hapa hatujambo. Paa linavuja palepale, paka amezaa tena chini ya meza yangu ya kukatia nguo, na binti yako anakusalimu. Siku hizi anakula kama ndege, na sababu yake nitaifikia.

Usiniulize kwa nini nakuandikia barua badala ya kupiga simu. Simu za siku hizi hazifai. Wanazitengeneza nyembamba kama biskuti, na sauti inayotoka humo ni nyembamba vilevile. Yangu nimeiweka kabatini pamoja na vifungo. Barua haihitaji mtandao, tena huwezi kuikata katikati ukisingizia chaji imeisha, kama afanyavyo mtu mmoja ninayemfahamu.

Wala si simu peke yake. Sijui mji huu umepatwa na nini, kila mtu amekuwa mnyenyekevu. Mchungaji, ambaye tangu aje alihubiri kana kwamba Mungu anakaa mtaa wa tatu, sasa ananong'ona. Wateja wakija kupimwa wanatafuna maneno kama wanaogopa kuyatoa bure. Cherehani nimeitia mafuta, sasa inashona kimya kama mwizi. Birika nalo limeacha kupiga mluzi, na hili ninaloliunguza sasa ni la pili.

Kwaya ndiyo usiniambie. Nawapa sauti safi, wao wananiitikia kwa nyuso za watu wanaong'olewa meno. Mama Filimbi, yule kiongozi wa sauti ya kwanza tuliyempa jina kwa ajili ya koo lake, siku hizi anaimba macho yamemtoka na mishipa ya shingo imesimama. Nikimuuliza kama anaumwa ananitabasamia. Kidole Kimoja, mpiga kinanda wetu, anatoka jasho kama mbeba mizigo. Nimewaambia: sifa si embe, haina msimu. Mkishiba mnamwimbia Mungu, mkilala njaa mnamwimbia, mkifiwa mnamwimbia. Wakaitikia amina. Nadhani ilikuwa amina, midomo ilifunguka hivyo.

Sasa neno lenyewe. Binti yako anaolewa mwishoni mwa Julai. Kijana ni fundi umeme, ana adabu zake, ananong'ona kama wenzake. Mwanao anataka jambo moja tu: baba yake asimame kwenye besi amwimbie siku hiyo. Na mimi nalitaka. Tangu tumzike mama yake mwaka jana hujaniambia umejiunga na kwaya gani huko uliko. Kila nikiuliza unanijibu habari za mvua. Safari hii mvua iache, nijibu.

Ni mimi dada yako, ninayekuombea hata usipojibu.


20 Machi

Shikamoo Dada,

Barua yako ilifika mapema. Aliyechelewa ni mimi, usiilaumu posta ya watu.

Mimi mzima. Kazi ni ileile, hospitali inachafua nami nafua. Shuka za wodi ya wazazi zinaletwa, shuka za wagonjwa mahututi zinaletwa, na zikishatoka kwenye mashine huwezi kujua ipi ilimpokea mtu na ipi ilimuaga. Mashine zina kelele kiasi kwamba mimi na mzee anayepiga pasi tunaongea kwa mikono. Ananiuliza kwa mikono mbona siku hizi siimbi. Namjibu kwa mikono kwamba koo linauma. Koo haliumi.

Nimefurahi kuhusu mwanangu. Kweli nimefurahi, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi kidogo. Nitakuja. Nitavaa suti, nitamshika mkono, nitakula nitakachopewa na nitapiga makofi wenzangu wakipiga. Kuimba, hapana. Umeuliza kwaya gani. Hakuna kwaya. Sijaimba tangu siku ile, hata bafuni, na kanisani sijaingia.

Kwa kuwa unapenda mambo yawekwe wazi, nayaweka. Mke wangu alikuwa ndani ya sanduku, na kwaya yako ikachagua wimbo wa shangwe. Mkayumba kushoto, mkayumba kulia. Kidole Kimoja akachapa kinanda kana kwamba analipwa kwa kila noti. Mimi nimekaa mbele, natafuta mahali pa kuweka mikono yangu. Kisha ukanijia pale makaburini, shingo imenyooka, ukaniambia Mungu husifiwa kila majira. Ni rahisi sana kusema kila majira, Dada, majira yakiwa ya mtu mwingine. Mkuki kwa nguruwe.

Jambo la pili. Jumapili ile nilimpigia binti, akakupa simu yake. Nikakuuliza habari za afya, ukanieleza bei ya uzi. Nikauliza tena, ukasema "na wewe pia" ukakata. Haya, simu mbovu. Mchungaji naye mbovu, wateja wabovu, birika bovu, kwaya mbovu. Vyote hivyo vimeharibika kwa pamoja, kama vilikaa kikao? Nenda ukaangaliwe masikio.

Mdogo wako anayekuheshimu, ingawa haionekani.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Paka wamefumbua macho. Binti yako ameanza kula.

Nakushukuru kwa uchunguzi wako wa kitabibu. Sikujua kwamba kufua shuka za hospitali humfanya mtu daktari. Ningejua ningekuletea na goti langu. Masikio yangu ni mazima. Ndiyo yaliyokufundisha wewe besi, ulipokuwa unaimba kama mlango usiotiwa mafuta na mama akitaka ukatazwe kabisa.

Na kuhusu mazishi, umesubiri mwaka mzima uniambie hayo kwa stempu. Sikuimba kwa sababu nilikuwa na furaha. Yule alikuwa wifi yangu. Ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha akinishikia pindo, akinisimulia ujinga wako wote mpaka nashona mkono wa shati mahali pa kola. Niliimba kwa sababu ningenyamaza ningeanguka, na ningeanguka mimi kwaya ingeniangukia, na wewe angekubeba nani? Sikuwa na kitu kingine cha kumpa Mungu siku ile. Nilikuwa na wimbo na hasira, nikampa vyote kwa pamoja, akipenda atenganishe mwenyewe.

Ukitaka kumkasirikia, mkasirikie. Kifua chake ni kipana. Lakini mkasirikie kwa sauti, mdogo wangu. Huko kununa kwako nyuma ya mashine za kufulia usikuite maombolezo. Ni kiburi kilichovaa nguo nyeusi.

Mkwe wako mtarajiwa alikuja kunitengenezea taa za chumba cha kushonea. Ameongeza moja nyekundu juu ya dirisha, inawaka mtu akibisha mlango. Nikamuuliza ya nini, akaniandikia kwenye karatasi kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Vijana na mitindo yao! Hata kusema siku hizi wanaandika.

Jumapili tuliimba vizuri kupita siku zote. Nilianzisha wimbo, wakaupokea, watu walitokwa na machozi. Mchungaji alishika kichwa kwa mikono miwili kwa jinsi alivyoguswa.

Suala la besi bado liko pale pale.

Dada yako, mwenye masikio mawili.


15 Mei

Shikamoo Dada,

Natumaini wote wazima, na paka. Kaa kwanza. Si kwenye kile kigoda, kaa kwenye kiti chenye mgongo.

Binti amenipigia analia. Alikuwa ameapa kutokusema, akasema. Nimekaa na habari hii muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikitafuta namna nzuri ya kuiandika. Sijaipata, kwa hiyo naiandika vibaya.

Unapowapa sauti unaanzia juu mno, Dada. Si kidogo. Mwanzoni walidhani umeamua kuwakomoa. Baadaye Mama Filimbi akagundua kwamba ukimsalimia mtu huangalii macho, unaangalia midomo. Jioni moja baada ya mazoezi wakasubiri ufunge kabati la vitabu uende zako, wakakutana nyuma ya kanisa penye mapipa ya maji. Wakajadili nani akuambie. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Ndipo Mama Filimbi akasema, nakupa maneno yake kama nilivyopewa: "Mwalimu akianzia juu, tutamfuata juu. Akianzia kwenye dari, tutaparamia dari. Hakuna atakayemfanya asimame mbele yetu peke yake." Wakapiga kura. Wote wakanyoosha mikono, na besi pia, ambao ndio wangepaswa kuwa na akili.

Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema. Hapo wengi wamekubaliana kuliharibu kwa pamoja, na wanalifanyia mazoezi.

Kwa hiyo elewa unachokiona. Mama Filimbi anasukutua maji ya chumvi kabla na baada ya ibada. Sauti ya tatu wanaimba mahali ambapo mwanaume haendi kwa hiari yake. Kidole Kimoja amelazimika kujifunza vitufe vyeusi ambavyo maisha yake yote alikuwa akivifuta vumbi tu, na sasa anatumia vidole vinne, jina lake liko mashakani. Mchungaji hanong'oni. Anapiga kelele mpaka sauti imemkauka, kwa sababu anataka umsikie. Na Jumapili ile hakushika kichwa kwa kuguswa. Taa nyekundu nadhani unaielewa sasa.

Hawakucheki, Dada. Ningejua wanakucheka ningekuja huko na mabuti yangu ya kazini. Wanakupenda kijinga. Lakini wameamua kukupenda hivyo mpaka harusini, na Mama Filimbi hatafika Julai akiwa na koo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lako halijafa, lipeleke likaonwe. Na unisamehe kwa methali, imekuja yenyewe.

Mdogo wako.


11 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Paka hajambo.

Nimekwenda. Daktari ni kijana mpole, aliniandikia kila kitu kwa herufi kubwa kama ninajifunza kusoma. Ni mishipa ya ndani, haitapona, inaendelea kufa taratibu. Amenipa kidude cha kuweka sikioni. Nikikivaa nasikia upepo, vijiko na viatu vya watu. Muziki kinaugeuza kuwa mabati yanayoburutwa. Nimekiweka kabatini pamoja na simu.

Funguo za kabati la vitabu nimezirudisha kanisani. Wanakwaya walikuja nyumbani wote, taa ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika. Sikufungua. Niliwaona kwenye upenyo wa pazia, wamesimama kwenye jua kama watu waliokuja kudai. Walidhani wananisitiri. Miezi yote hiyo nimesimama mbele ya watu nimenyoosha mikono kama mwenye maana, na kanisa zima linanihurumia kwa sauti nne.

Mungu naye ana ucheshi wake. Fundi viatu angeweza kumpa uziwi, asingepungukiwa na kitu, angeendelea kupigilia misumari yake kwa amani. Akapita kwa fundi viatu, akapita kwa dalali wa nyumba ambaye hata hivyo hasikilizi mtu, akaja kwangu.

Uliniambia ni rahisi kusema kila majira, majira yakiwa ya mtu mwingine. Umeshinda. Furahi. Sina wimbo, na siendi kuutafuta.

Mwambie mwanao akodi redio siku ya harusi.

Dada yako.


18 Juni

Shikamoo Dada,

Unaona barua hii ilivyokuja mbio. Hata mimi mwenyewe nimejishangaa.

Sikufurahi. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Nimekuwa nikisubiri mwaka mzima uniambie kwamba nilikuwa na haki, na ulipoliandika nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi akapewa nyumba iliyoungua.

Niliisoma barua yako saa ya chakula cha mchana, nimekalia gunia la shuka chafu. Umeme ukakatika, mashine zote zikanyamaza. Chumba kile hakijawahi kunyamaza tangu niajiriwe. Mzee wa pasi akaniangalia, mimi nikafungua mdomo nikutukane, na kilichotoka ni wimbo. Usiniulize kwa nini. Tena ni ule ule wa mazishi, ule wa shangwe, niliokuwa nimeapa sitausikia tena.

Ubeti wa kwanza niliuimba kwa hasira juu yako. Wa pili nilimkasirikia Mungu, kwa adabu zote, lakini nilimkasirikia. Nilimwambia: mke wangu ulimchukua, sasa na dada yangu unamziba masikio, unabomoa familia yetu kuanzia upande upi? Wa tatu nililia, na mzee wa pasi akashika besi bila kujua neno hata moja, akawa anasema "eee, eee" tu. Halafu umeme ukarudi na mashine zikatumeza wote wawili.

Kumkasirikia Mungu kwa wimbo ni kazi ngumu, Dada. Ukifika kwenye kiitikio unakuta umeshamsamehe nusu. Sijamsamehe yote, asifikiri nimemaliza. Lakini nimerudi kuongea naye.

Na ni wewe uliyeniambia nimkasirikie kwa sauti. Sasa wewe umerudisha funguo, umefunga pazia, umenuna. Hicho unakiitaje? Nikumbushe, nadhani kinavaa nguo nyeusi.

Hivi ndivyo itakavyokuwa. Nitakuja wiki moja kabla ya harusi. Sauti nitaitoa mimi, maana mwalimu aliyenifundisha alikuwa mkali. Wewe hutasimama mbele, hilo limekwisha, na ninajua linavyouma. Lakini utasimama. Daktari alisema masikio. Sikuona mahali aliposema koo.

Mdogo wako.


25 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua yako ina kiburi na mwandiko mbaya.

Nina masharti. Nitasimama safu ya nyuma, mwisho. Hakuna kunifuata. Nikipanda darini waniache huko huko, nitashuka mwenyewe. Kidole Kimoja arudi kwenye vitufe alivyovizoea. Mwenye kutaka kunionea huruma atoke nje akanihurumie penye mapipa ya maji, pamezoea vikao. Na kitambaa cha magauni ya kwaya nakata mimi, kwa kuwa kwa macho haya mawili bado naona mshono wa mtu mwingine ukipinda.

Mama Filimbi nimemfungulia mlango. Alinikumbatia mpaka nikapungukiwa pumzi. Tulilia kidogo, halafu nikampima kiuno. Amenenepa.

Usije na vile viatu vya kahawia.

Dada yako.


3 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini umefika salama na mzee wa pasi umemkuta salama. Hapa nyumba imekuwa kubwa ghafla. Binti yako na fundi wake wamekuja jana kunisalimu, wameleta sukari, wakakaa wakitazamana kama wamegundua kitu ambacho wengine hatukijui. Nimewafukuza kwa upendo.

Ulikuja na viatu vya kahawia.

Sasa nina swali, na kwa mara ya kwanza sina mtu mwingine wa kumuuliza. Nilisimama safu ya nyuma kama nilivyosema. Nilitazama mkono wako ukipanda, nikatazama mabega ya Mama Filimbi nijue anavuta pumzi wapi, nikafungua mdomo. Kwamba niliimba najua, kwa kuwa koo liliniuma siku mbili. Nilichoimba sikijui. Ndani yangu wimbo ulikuwa mzima kabisa, kila sauti mahali pake, nzuri kuliko tulivyowahi kuimba tukiwa vijana. Lakini hiyo ni ndani, na ndani ninaimba peke yangu.

Nimeuliza. Binti yako ameniandikia kwamba nilikuwa vizuri sana. Kidole Kimoja ameandika hajawahi kusikia kitu kama kile, na nilipomtazama usoni akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mama Filimbi ameandika "kama malaika". Hawa ndio waliopiga kura ya kuparamia dari. Ushahidi wao siupokei.

Wewe huna huruma, ndiyo maana nakuuliza wewe. Niliimba nini? Kama niliwaaibisha niambie, nitakaa kwenye viti na waumini wengine, nifunge mdomo, nimsifu Mungu kwa kutikisa kichwa. Nitaweza. Ila sitaki kusimama pale kwa huruma za watu mara ya pili. Usinicheleweshe kama kawaida yako.

Dada yako, anayesubiri.


14 Agosti

Shikamoo Dada,

Nilifika salama. Viatu vya kahawia vinakusalimu.

Umeomba ukweli, chukua. Ulikuwa nje ya sauti kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hukuwa juu tu, maana juu tungekuzoea. Ulikuwa juu, halafu chini, halafu mahali ambapo sina jina lake na Kidole Kimoja hana kitufe chake. Kwenye kiitikio ulitangulia. Kwenye ubeti wa pili ulibaki nyuma, na tulipomaliza wewe uliendelea peke yako mstari mzima, umefumba macho, na hakuna aliyekukatiza. Mjomba wa bwana harusi aliinama akamuuliza mkewe kama kuna mtu ameumia. Mama Filimbi alikuwa ameng'ata mdomo asije akakufuata kwa mazoea. Mwanangu alicheka chini ya shela, nikamwona, halafu nikaona shela imelowa.

Hawakukudanganya kwa huruma, nadhani. Walishindwa kuandika, na mimi pia karatasi hii ni ya nne.

Mimi nilikuwa mbele natoa sauti. Kwaya nzima ilikuwa imeshikana vizuri, tumeimba safi, na mtu akiimba safi na wenzake huwezi kumtofautisha na mwingine. Wewe nilikusikia kila neno, kwa sababu hukukubaliana na chochote. Kila neno, Dada. Na nikaelewa maneno ya wimbo ule, ambao nimeuimba tangu utoto bila kuyasikiliza.

Tangu mke wangu afe nimejiuliza mtu anawezaje kusimama akamsifu Mungu aliyemnyang'anya kitu. Nilidhani ni lazima awe mnafiki au mjinga. Siku ile nilimwona mtu akifanya hivyo mbele yangu, kwa sauti kubwa, vibaya sana, na hakuwa mnafiki wala mjinga. Nililia mpaka nikapoteza mpigo, na wewe uliniona ukanikunjia uso.

Jumapili iliyopita niliingia kanisa la hapa jirani na hospitali. Nimekaa kiti cha mwisho. Niliimba besi.

Ulituaibisha kidogo. Usiache.

Mdogo wako anayekupenda, na safari hii ionekane.


22 Agosti

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo sote. Paka amezaa tena, hajifunzi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilicheka mpaka nikajichoma kidole kwa sindano, halafu nikalia, kwa hiyo blauzi ya mteja ina tone la damu na tone la machozi, na anaijia kesho. Nitamwambia ni maua.

Nimefurahi kwamba unaimba. Mkeo aliyekuwa akikaa karibu na dirisha langu angefurahi kunizidi, halafu angekucheka.

Mama Filimbi na malaika wake nitamshughulikia. Asante kwa kuniambia. Nilikuwa nataka kujua kama kilichotoka kilikuwa sifa au kilikuwa kelele, na naona kilikuwa vyote viwili, na kwamba aliyelengwa hakurudisha mzigo.

Jumapili nitasimama tena safu ya nyuma, mwisho kabisa karibu na mlango, nimwimbie kwa sauti yote niliyo nayo. Wakitaka kulalamika, walalamike. Sitasikia.

Dada yako.